Mdogo wangu ameacha kwenda kwa mshauri baada ya ajali. Kwa nini tiba ya kiwewe inawakubali wengine na wengine inawakataa?

DadaMkubwa_Moro (mwenye mada)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Naomba mawazo, hasa ya waliopitia haya au wanaofanya kazi hii.

Mdogo wangu wa kiume, tumeachiana ziwa, alikuwa kondakta wa basi la mikoani. Mwaka jana basi lao liligongana uso kwa uso na lori usiku. Abiria kadhaa walifariki palepale. Yeye alivunjika mkono na kupasuka kichwani, akalazwa, akashonwa, akaruhusiwa. Mkono umeunga. Lakini halali. Tunakaa Kihonda, karibu na barabara ya kwenda Dodoma, na lori likipita huku breki ya injini inanguruma, anasimama wima hata kama alikuwa katikati ya tonge. Basi hapandi, daladala hapandi, Msamvu anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Ameanza kunywa ili apate usingizi.

Hospitali walimpa rufaa kwa mshauri, mama mtu mzima, mpole. Mwanzo alikuwa anakwenda vizuri, akirudi anatueleza kidogo: amefundishwa kupumua, ameambiwa hajawa kichaa. Tukafurahi. Halafu ikaja siku aliyotakiwa kusimulia ajali yenyewe. Aliporudi hakula, hakuongea na mtu, usiku akatoka akarudi amelewa. Toka hapo hajarudi kwa yule mama. Nikimuuliza ananijibu, “Dada, yule ananichokonoa kidonda, halafu anaangalia saa ananiambia tuonane wiki ijayo.”

Baba anasema anadeka. Wifi yangu ameshakata tamaa, anataka wampeleke kwa mganga kwao. Mimi niko katikati. Swali langu: shida ni yeye au ni tiba? Kuna watu ambao tiba hii haiwafai kabisa? Na nikimlazimisha arudi nitamsaidia au nitamharibu zaidi?

MzeeKilakala

Marahaba binti yangu, pole sana.

Mimi ni mtu wa zamani. Vita vya Kagera, 1978 na 1979, nilikuwepo. Tuliporudi hakuna aliyetuita kutuuliza umeona nini. Tulipokelewa kwa ngoma, kisha kila mtu akarudi kwao kulima. Wengi tulitulia. Wengine hawakutulia, nasema kweli. Ninao wenzangu wawili walioishia kwenye gongo, na mmoja alikuwa hawezi kukaa chumba ambacho mlango uko nyuma yake mpaka anaingia kaburini.

Ushauri wangu ni kwamba mtu asilazimishwe kusema asichotaka kukisema. Mpeni kazi ya mikono, mpelekeni kwenye ibada, mkae naye. Mwanaume mwingine anapona kwa kukaa na watu, si kwa kuulizwa maswali. Lakini nasubiri na mimi kusoma wataalamu wanasemaje, maana wale wenzangu wawili bado nawafikiria.

MamaPili

Dada pole. Mimi niliacha tiba, kwa hiyo nikueleze upande wa anayeondoka. Yaliyonipata siyaandiki hapa, ila hayakuwa ajali.

Kwanza ni benchi. Kliniki niliyokuwa nakwenda, benchi la kusubiria lilitazamana na njia ya kuingilia wodi ya wazazi, na mlangoni pameandikwa kliniki ya akili kwa herufi kubwa. Kila aliyekuja kumwona mzazi alinipitia mimi. Jirani mmoja alinisalimia pale asubuhi, jioni mtaa mzima una habari.

Pili, yule aliyekuwa ananisikiliza alikuwa anasali kanisa moja na mama mkwe wangu. Sijawahi kusikia kwamba alisema neno. Lakini mtu unayemwona Jumapili ameketi safu moja na mama mkwe, utamwambia nini Jumanne? Nilikuwa nampa hadithi nusu. Nakwenda, nakaa, naongea, nalia hata, narudi nyumbani na kile kitu chenyewe kiko vilevile kifuani. Baada ya miezi kadhaa akaandika kwamba sina mabadiliko. Ni kweli sikuwa nayo.

Tatu, nauli, na kufunga genge siku nzima. Mtu akikaa foleni tangu saa moja asubuhi, akaitwa saa sita, akapewa nusu saa, na siku hiyo hakuuza nyanya hata moja, nyumbani ataulizwa ameleta nini.

Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: baada ya kuanza kusimulia, ndoto zilirudi kwa nguvu. Nilidhani naharibika. Kama mtu angenitazama usoni akaniambia “wiki mbili hizi utalala vibaya, ukiona hivyo usikimbie, nipigie,” nadhani ningebaki. Baadaye nilihamia mji mwingine nikapata mtu mwingine, na huyo aliniambia hayo siku ya kwanza. Nilimaliza.

MnasihiKasulu

DadaMkubwa, pole na hongera kwa kuuliza badala ya kumhukumu mdogo wako. Mzee Kilakala, shikamoo. MamaPili, asante, ningeweza kuweka ulichoandika mbele ya wanafunzi wangu bila kuongeza neno.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba. Nilianzia kazi Kigoma, kwenye kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, kwa Wakongo na baadaye Warundi, na sasa niko hospitali ya mkoa. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu jambo hili linaniuma. Nimeona mafaili mengi sana yaliyofungwa kwa maneno “mgonjwa hana ushirikiano,” na maneno hayo mara nyingi yanaficha kazi ambayo sisi hatukuifanya.

Kukwepa ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye kiwewe anakwepa mahali, sauti, harufu, mazungumzo, na kumbukumbu. Mdogo wako anakwepa daladala. Kwa nini tushangae akikwepa chumba ambacho kazi yake yote ni kuizungumza ajali? Kikohozi cha mgonjwa wa kifua kikuu hakuna anayekiita ukaidi. Na huyo wa kifua kikuu akikosa kuja kuchukua dawa, mhudumu wa afya ya jamii anatumwa mpaka mlangoni kwake kujua kulikoni. Wa kwetu akikosa, faili linarudi kabatini. Mimi nasema mtu wa kwanza kutarajia utoro ni mtoa tiba, na aseme hivyo siku ya kwanza, wakati mgonjwa bado yuko kitini: “Itafika siku utatamani usije. Siku hiyo ndiyo tunayoihitaji. Tukubaliane sasa hivi tutafanya nini ikifika.”

Sasa swali lako, kama ni tiba inayomkataa. Watu wengi wanaamini, na hata wenzangu wengine wanaamini, kwamba kusimulia tukio ndiko kunakowafukuza wagonjwa. Kwa hiyo wanazunguka. Wanazungumza usingizi, wanazungumza watoto, wanafundisha kupumua, mwezi unakwisha. Kuna utafiti uliofanyika kambi ya Nakivale, Uganda, ukachapishwa mwaka 2008, ambao ulinibadilisha kazi yangu. Wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, na waliowahudumia walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, siyo madaktari. Kundi moja lilipewa ushauri wa kiwewe wa kawaida. Kundi jingine walisimulia maisha yao yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, kwa njia iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Unatandika kamba chini, unaweka ua pale ulipopata furaha na jiwe pale palipokuumiza, kisha unasimulia jiwe kwa jiwe mpaka mwisho wake, na msikilizaji anaandika na kukusomea tena. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko kundi la tatu, la wale waliokuwa wakifuatiliwa tu bila tiba. Lakini walioacha katikati kwenye kundi la kusimulia walikuwa asilimia 4. Kwenye ushauri wa kawaida, asilimia 21.

Kwa hiyo siyo kusimulia peke yake. Lakini sitaki nikudanganye upande wa pili. Marekani, mwaka 2022, yalichapishwa matokeo ya wanajeshi wastaafu 916. Nusu walipewa tiba ya Edna Foa ya kurudia tukio kwa macho yaliyofumbwa, nusu tiba ya Patricia Resick ya kuchunguza mawazo ambayo tukio limeyaacha. Hizi ndizo tiba mbili zinazosifiwa kuliko nyingine. Zaidi ya nusu ya waliopewa ya kwanza waliacha kabla ya kumaliza, na karibu nusu ya waliopewa ya pili. Tiba haikuwa mbovu. Waliopata nafuu walikuwa wengi. Ila huwezi kuwaita watu wote hao wakaidi. Na wapo wanaoondoka kwa sababu wamepata nafuu na wanataka kurudi kwenye shughuli zao, nao kwenye makaratasi wanaandikwa watoro vilevile.

Kinachotofautisha ni nini? Nakupa ninachokiona kazini, na mwenye kupinga apinge.

Kubwa kuliko yote ni simulizi kukatwa katikati. Mdogo wako amesema mwenyewe: anachokonolewa, halafu saa imeisha. Ukimfikisha mtu pale lori linapokuja, ukamwachia hapo, umempa dozi nzima ya hofu na hujampa sehemu inayoiponya. Hofu inapanda, inafika kileleni, na mtu akikaa nayo bila kukimbia inaanza kushuka yenyewe. Ndiyo maana vipindi vya tiba ya Foa ni dakika 90. Mtu aondoke ameshafika hospitali kwenye simulizi, ameshashonwa, amemwona dada yake kitandani, anajua leo ni tarehe ngapi na yuko Morogoro. Kumbukumbu ya kiwewe haina tarehe. Inakuja kama jambo linalotokea sasa. Kazi yetu ni kuipatia tarehe. Kwa nusu saa haiwezekani, na msongamano wa kliniki zetu naujua, lakini basi usiianze sehemu hiyo siku ambayo una nusu saa.

Halafu kuna kazi za nyumbani. Vitabuni wanasema mgonjwa asikilize kila siku simulizi yake iliyorekodiwa. Kusikiliza wapi? Familia ya watu sita chumba na sebule, mtoto wa darasa la pili amelala mkekani pembeni. Nimekuta wagonjwa wanaambiwa hawajitumi, kumbe hakuna aliyewauliza watasikilizia wapi. Mmoja tulikubaliana awe anasikilizia kwa fundi cherehani rafiki yake, saa ya mchana duka likiwa tupu. Ilifanya kazi. Kule Kivu Kusini, kwenye utafiti wa mwaka 2013 kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, wengi hawakujua kusoma, na tiba ya Resick ina kuandika kwingi. Wakapunguza kuandika, wakafanya kwa makundi na kwa kukariri. Wanawake hao walipata nafuu kubwa kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja kwa maongezi ya kawaida, na ilikuwa katika eneo ambalo mapigano hayajaisha. Nakumbusha hilo kwa wanaosema mtu asianze mpaka maisha yake yatulie. Wengine maisha hayatatulia.

Ila hatari iliyomo ndani ya nyumba ni habari nyingine. Mama aliyepigwa usiku wa jana, kukesha kwake ni akili kumlinda. Huyo tunaanza na mahali pa kulala.

Pia wapo wanaokaa mpaka mwisho na hawapati kitu, na hawa ndio wanaonisumbua zaidi, kwa sababu mahudhurio yao ni mazuri na hakuna anayestuka. Mara nyingi ni kama MamaPili alivyosema: wanasimulia nusu. Damu wanaitaja, kelele wanazitaja. Jambo la aibu au la hatia linabaki. Mshauri naye anaogopa kuliuliza, anajiambia anamheshimu mgonjwa. Wakati mwingine ni ugonjwa mwingine haujaonekana. Umesema alipasuka kichwani: je, anaumwa kichwa, anasahau, hasira zinapanda ghafla, mwanga unamkera? Hayo daktari ayaangalie peke yake, maongezi hayatayaondoa.

Pombe pia. Zamani tulikuwa tunamwambia mtu aache kwanza kunywa ndiyo tumtibu kiwewe. Alikuwa anaondoka na harudi, kwa sababu pombe ndiyo dawa yake ya usingizi. Siku hizi tunavitibu vyote kwa pamoja.

Mzee wangu Kilakala, nakubaliana nawe nusu. Mtu asilazimishwe, na hasa siku za mwanzo. Uingereza walijaribu kuwahoji majeruhi wa ajali za barabarani wakiwa bado wodini, saa moja, mara moja tu, kwa nia njema kabisa. Walipowatazama tena miaka mitatu baadaye, waliohojiwa hawakuwa wazima zaidi. Na wale waliokuwa na hofu kubwa tangu mwanzo walikuwa wabaya kuliko ambao hawakuhojiwa. Wengi wanapona kwa familia, kazi na ibada, kama wewe na wenzako wengi mlivyopona. Lakini huyu umepita mwaka, na analewa ili alale. Huyu yuko upande wa wale wenzako wawili. Kazi na ibada viendelee, na tiba iwepo.

DadaMkubwa_Moro

Nimesoma mara mbili. Asanteni. Mzee Kilakala, marehemu wako Mungu awarehemu.

Mnasihi, uliposema jambo la hatia nilinyamaza kwanza, maana kuna kitu sikuandika. Wifi aliniambia, mdogo wangu alimtamkia akiwa amelewa. Usiku ule kulikuwa na mama mwenye mtoto, alikuwa kiti cha nyuma anatapika. Mdogo wangu akamhurumia, akamwamsha kijana wa mbele wakabadilishana. Lori lilipiga upande ule wa mbele. Mama na mtoto hawakupona. Kijana aliyehamishiwa nyuma yupo, na amewahi kuja nyumbani kumshukuru. Siku hiyo mdogo wangu alijifungia chooni mpaka kijana alipoondoka.

Nina hakika yule mshauri hajaambiwa hili.

Na kingine. Dereva wa lori ana kesi, mdogo wangu ameandikwa shahidi. Anaogopa akimwambia mshauri kwamba yeye ndiye aliyemkalisha yule mama pale, litaandikwa kwenye faili, litafika polisi. Nimwambie nini? Na nimpigie mimi yule mshauri au asubiri mwenyewe? Dawa walizompa hospitali ni amitriptilini, ya huzuni na usingizi, na rafiki yake mmoja humpa diazepamu, vidonge vya kutuliza, za dukani.

MnasihiKasulu

Dada, ulichoandika hapo ndicho kinachomkesha, kuliko ile ngurumo ya breki. Nadhani ndiyo maana siku ya kusimulia ilimshinda. Simulizi ya ajali lazima ipite kwenye kile kiti. Alikuwa anakikaribia, akashuka.

Usianze wewe kumwambia “haikuwa kosa lako.” Najua inatoka moyoni, lakini ameshaambiwa hivyo na watu ambao hawajui habari ya kiti, na kila akiambiwa anajisemea mngelijua. Anachohitaji ni mtu atakayekaa naye kwenye dakika ile yenyewe, taratibu. Basi lilikuwa na mwendo gani? Taa za lori zilionekana lini? Alipomwamsha yule kijana alikuwa anajua nini, na alikuwa anataka nini kwa yule mama? Mtu anajihukumu kwa habari aliyoipata dakika kumi baadaye. Akilini mwake ni kama alijua lori linakuja. Kazi ya tiba ya Resick ni hiyo: kulirudisha lile alilolijua mahali pake, na lile alilolijua baadaye mahali pake. Inachukua vipindi kadhaa na inaumiza, na nimeona watu wakitoka humo wakaanza kuomboleza waliokufa. Mpaka sasa mdogo wako hajaomboleza, amekuwa kizimbani.

Kuhusu polisi. Mwambie kabla ya kusema chochote amuulize mshauri waziwazi: unaandika nini kwenye faili, nani analisoma, na katika hali gani unaweza kutakiwa kulitoa? Ana haki ya kuuliza, na mshauri mzuri hatakasirika. Anaweza pia kumwomba asiandike undani wa tukio, aandike tu kwamba wamefanyia kazi hisia za hatia. Na kwa kuwa yeye ni shahidi, azungumze na wakili hata mara moja tu. Watoa msaada wa kisheria wapo, afisa ustawi wa jamii wa hospitali atakuelekeza. Hofu hii ikiachwa bila jibu, hata mshauri angekuwa bora kiasi gani, atakuwa anapewa hadithi nusu.

Kupiga simu, piga wewe kama yeye amekuruhusu, ila habari ya kiti usiiseme. Hiyo ni yake. Sema hivi tu: baada ya kipindi cha mwisho alizidiwa, anaogopa kurudi, na kuna jambo zito hajalisema, tunaomba siku ambayo atapata muda mrefu na simulizi isikatwe katikati. Ukisikia yule mama anakuuliza maswali ya namna gani arudi, umepata mtu. Ukisikia “aje mwenyewe akiwa tayari,” mtafute mwingine. Kubadilisha mshauri hakumfanyi kuwa msumbufu, MamaPili alibadilisha akapona.

Diazepamu aache, ila kama amekuwa akizimeza kila siku kwa wiki nyingi asizikate ghafla, daktari ampangie kupunguza. Na asizichanganye na pombe hata siku moja, anaweza kulala asiamke. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2013 limeelekeza watu wasipewe dawa za aina hiyo kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Kwa kiwewe cha muda mrefu pia hazitibu, zinatia uzito tu kichwani. Amitriptilini aendelee nayo kama daktari alivyoandika, lakini mwambieni daktari kwamba anakunywa pombe, na ziwekwe mahali ambapo wifi anazishika yeye. Nyingi kwa mkupuo ni sumu ya moyo. Na muulizeni moja kwa moja kama huwa anawaza kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, siku hiyohiyo mpelekeni hospitali, msisubiri miadi.

Daladala msimkimbize. Akikubali kurudi kwenye tiba, mshauri atampangia hatua: kusimama nje ya stendi Msamvu mchana, halafu kukaa kwenye basi lililoegeshwa, halafu kituo kimoja na wewe pembeni. Kila hatua airudie mpaka imchoshe, ndipo aende nyingine.

MamaPili

Dada, na siku akirudi, mtu awepo nyumbani jioni. Asiulizwe chochote. Chakula kiwepo tu.

DadaMkubwa_Moro

Nimeongea naye leo mchana. Habari ya polisi ndiyo iliyomgusa, ameniuliza mara tatu kama kweli anaweza kumwambia mshauri asiandike. Kuhusu kufa nimemuuliza pia. Amesema aliwahi kuwaza, mwezi wa Ramadhani, lakini siku hizi hapana. Nimemwambia wifi achukue vidonge vyote. Nitapiga simu Jumatatu saa mbili, kabla kliniki haijajaa.

MnasihiKasulu

Jumatatu ukikosa kumpata, nenda mwenyewe dirisha la ustawi wa jamii. Na usiku wowote kabla ya hapo akirudia kuwaza kufa, dharura iko wazi saa 24.